Makungwi wa mwilini wakizidiwa, tusimwite mzee mchawi

Huenda neno kungwi likakupeleka moja kwa moja kwenye mambo ya unyago na harusi. Kungwi humkalia mwari, akamfunza na kumkinga na makundi mabaya, kisha mwari akiiva humwachia aende zake. Haolewi yeye. Basi fahamu kwamba ndani ya kila seli ya mwili wako mna makungwi wa namna hiyo. Isitoshe, kazi yao inahusiana na swali ambalo limewaponza wazee wengi humu nchini: mbona babu au nyanya huyu ameanza kutenda mambo yasiyoeleweka?

Tuanze na protini. Wengi wetu tukisikia neno hilo hufikiria nyama na maharagwe, ilhali protini ndizo zinazofanya karibu kila kazi mwilini. Kila protini huanza kama uzi mrefu wa viungo vidogo viitwavyo asidi amino. Uzi huo haufai kitu mpaka ukunjwe na kupata umbo lake kamili.

Mmarekani Christian Anfinsen alipata sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 1972 kwa kuonyesha kwamba maagizo ya mkunjo huo yamo katika mpangilio wa viungo vyenyewe. Lakini mambo ya chupa ya maabara si mambo ya seli. Seli ina msongamano kama soko la Gikomba, na uzi ambao haujakunjwa hunata kwa wenzake hadi yakawa madonge. Tazama ute wa yai unapochemshwa. Protini zake hulegea, zikashikana na kuwa ngumu, na hata likipoa yai hilo halirudi kuwa bichi.

Hapo ndipo kungwi anapohitajika. Mmoja wao anaitwa Hsp70. Mnamo 1962 Mtaliano Ferruccio Ritossa aliripoti kwamba seli za nzi wadogo wa matunda zikipata joto huamsha jeni fulani kwa ghafla. Baadaye ilibainika kwamba jeni hizo huagiza protini za kuokoa jahazi, Hsp70 ikiwemo. Kazi yake ni kushika sehemu za uzi zinazonata, kuzikinga, kisha kuziachia ili uzi ujikunje sawasawa.

Ili kumchunguza kungwi huyu, wataalamu humhitaji kwa wingi na akiwa safi. Hawamtoi katika miili ya watu. Huchukua jeni ya binadamu, wakaipachika ndani ya bakteria, na bakteria hao wanapozaana huitengeneza protini hiyo, nayo ikasafishwa na kutiwa kwenye vichupa. Usione ajabu. Ni mbinu hiyo hiyo iliyotupa insulini ya binadamu, ambayo Marekani iliidhinisha mwaka 1982 na ambayo imewafaa wagonjwa wengi wa kisukari.

Sasa tuje kwenye ubongo. Mwaka 1906 daktari Mjerumani Alois Alzheimer alieleza kuhusu mwanamke aliyepoteza kumbukumbu na kuwashuku watu wa nyumbani kwake. Alipofariki, ubongo wake ulipatikana na mabaka na nyuzi zilizosokotana. Leo tunajua kwamba hayo yalikuwa madonge ya protini zilizokunjika vibaya. Ugonjwa wa Parkinson nao una madonge yake. Kadiri umri unavyosonga, makungwi wa mwilini huzidiwa na kazi.

Mwaka 2015 watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, pamoja na wenzao, walichukua Hsp70 ya binadamu na protini mbili za kuisaidia, wakazitia kwenye madonge ya aina inayopatikana katika ugonjwa wa Parkinson. Madonge yakavunjika. Kitu kinachoweza kuvunjwa kwenye kichupa, mbele ya macho ya watu, si pepo wala laana.

Haya yanatuhusu vipi? Yanatuhusu sana. Katika kaunti ya Kilifi wazee wameuawa kwa kushukiwa kuwa wachawi. Huko Marani, Kisii, ajuza wanne waliuawa Oktoba 2021 kwa tuhuma hiyo hiyo. Sisemi kila anayeshukiwa ana ugonjwa wa kusahau. Wengine huponzwa na mashamba yao tu. Lakini hebu fikiria dalili zenyewe: mzee anatembea usiku, anaongea peke yake, anaingia boma lisilo lake, hamtambui mwanawe. Daktari huona ugonjwa hapo. Jirani naye huona mchawi.

Kuna watakaouliza, ikiwa wataalamu wanajua yote haya, dawa iko wapi? Swali hilo ni la haki. Dawa ya kuponya Alzheimer haijapatikana. Kichupa cha Hsp70 kinachouziwa maabara ni cha utafiti tu, si cha kumdunga mtu. Kungwi huyu huyu huzisaidia pia seli za saratani kustahimili, na donge likivunjwa vibaya huenda vipande vyake vikasambaa. Kwa hivyo mtu akija mtaani na vidonge vya kunyoosha protini za ubongo, funga mkoba wako.

Hata hivyo, maarifa yenyewe yana faida leo hii, kabla ya dawa. Yanatuambia kwamba aliyebadilika ni mgonjwa. Kwa maoni yangu, jambo hili lapasa kufunzwa shuleni, kuhubiriwa makanisani na misikitini, na kuelezwa na machifu katika mabaraza, kwa sababu jiwe la kwanza hurushwa kijijini, mbali na maabara.

Nawe msomaji wa mjini usijitoe. Simu ya kwanza kutoka nyumbani hukujia wewe: "Nyanya amekuwa na mambo." Jibu utakalotoa laweza kumwokoa au kumwangamiza. Waambie wampeleke hospitalini. Upungufu wa vitamini B12, hitilafu za tezi ya shingo, sonona na hata baadhi ya dawa huweza kumfanya mtu aonekane amechanganyikiwa, na hayo yana matibabu. Ikiwa ni Alzheimer, aandaliwe mtu wa kumwangalia, na majirani waelezwe waziwazi kwamba anaugua.

Wahenga walisema hujafa hujaumbika. Protini zinazokunjwa katika ubongo wa ajuza huyo ndizo zinazokunjwa katika wako, na umri haumsazi mtu.