Kiu ya Kwenye Santuri
Na Tabu Mwakio

Jirani yangu wa jenereta, yule niliyemwandika hapa awali nanyi mkaniletea barua mkinisihi nihame kabla hajanitia wazimu, sasa amenunua santuri. Jumamosi alasiri alizielekeza spika zake barabarani, akavaa kofia pana, akaketi kwenye roshani, na mtaa wetu mzima hapa Kitengela ukasikiliza Sons of the Pioneers na "Cool Water" yao ya mwaka 1959, upende usipende.

"Hizi ndizo nyimbo asilia za wachunga ng'ombe, jirani!" akanipigia kelele kutoka juu. "Sikiliza, utajifunza!"

Nikasikiliza. Wimbo wenyewe unamhusu mtu aliye jangwani na nyumbu wake (wa kubeba mizigo, si hawa wetu wa Mara). Makoo yamewakauka, na maji wanayoyaona mbele ni mazigazi tu. Sauti moja inaongoza, nyingine zinaidaka kwa mbali kama mwangwi. Jirani alikuwa amefumba macho. Naapa niliona machozi.

Ndipo wakatokea vijana wawili wa Kimaasai na ng'ombe wao, mbavu zimewatoka, wakifuata majani makavu ya kando ya barabara. Kiangazi hiki mmekiona wenyewe. Yule mkubwa akasimama langoni pa jirani, akasalimia vizuri, akasema, "Mzee, tunaomba maji kidogo. Hata ya huyu ndama tu."

Tangi la jirani ni la lita 10,000, na boza lilikuwa limelijaza asubuhi hiyo hiyo.

"Wewe kijana, ondoa hao ng'ombe hapa! Watakula maua yangu!" Hata kofia hakuivua. Akampigia simu askari wa mtaa, kisha akaongeza sauti ya santuri ili kiu ya yule wa jangwani isikike vizuri zaidi.

Mke wangu ndiye aliyetoka na ndoo. Mimi nilikuwa bado natafuta matusi yanayoweza kuchapishwa gazetini, na mhariri amenikatia yote, kwa hiyo nitatumia historia.

Asilia gani? Kundi hilo la Sons of the Pioneers lilianzia Los Angeles mwaka 1933, na waanzilishi wake walikuwa watatu. Leonard Slye alizaliwa Cincinnati, Ohio, na baadaye Hollywood ikampa jina la Roy Rogers. Wa pili alikuwa Tim Spencer. Wa tatu ni Bob Nolan, mzaliwa wa Kanada, ndiye aliyeutunga huo wimbo wa maji, na kabla ya kupata jina alikuwa akiwabebea matajiri mifuko ya gofu. Ng'ombe wao wengi walikuwa wa kwenye filamu. Siwalaumu, kazi ni kazi, na kwa kupanga sauti jamaa hawa walikuwa mafundi hasa. Tatizo ni ufundi huo huo. Wameifanya kiu iwe tamu mno, hata mtu anaweza kuionea huruma akiwa amekaa juu ya tangi lililojaa.

Kaboi mwenyewe, yule wa miaka ya 1860 na 1870 aliyeswaga ng'ombe kutoka Texas hadi kwenye reli kule Abilene, Kansas, hakuwa na kwaya. Zamu ya usiku ilikuwa ya wapanda farasi wawili, wakilizunguka kundi mmoja huku na mwenzake kule, wakiimba ili ng'ombe wasishtuke wakatimka. Ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka na kumeza vumbi kutwa. Tena wengi wao hawakuwa weupe kama wanavyoonyeshwa kwenye filamu. Walikuwamo Wameksiko kwa wingi, na wanahistoria wengi hukadiria kwamba karibu mmoja kati ya wanne alikuwa mtu mweusi. John Lomax, aliyechapisha kitabu cha nyimbo hizo mwaka 1910, alisimulia kwamba "Home on the Range" aliipata San Antonio kwa mtu mweusi mwenye baa, aliyewahi kuwa mpishi wa misafara ya ng'ombe.

Kilichommaliza kaboi ni seng'enge. Joseph Glidden alipata hataza ya waya wake wenye miiba mwaka 1874, na baada ya miaka michache malisho ya wazi yakawa viwanja vya watu. Wakazi wa Kitengela hawahitaji kuelezwa zaidi, sisi ndio tuliozungushia ua njia walizopita ng'ombe na wanyama wa mbuga ya Nairobi. Na jirani yangu, mwenye ua wa umeme, wimbo anaoupiga mluzi kila asubuhi ni ule ambao Roy Rogers aliuimba kwenye filamu mwaka 1944, akiomba asifungiwe ndani ya ua. Umebeba jina la Cole Porter, mtu wa Broadway.

Wala sisemi nyimbo hizi si zetu kuzipenda. Mwaka 1950 Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kipsigis huko Kapkatet wakimwimba Chemirocha. Huyo ni Jimmie Rodgers, Mmarekani aliyewafikia kwa gramafoni, nao wakamgeuza kiumbe nusu mtu, nusu paa. Wasichana wale walisikia wakatunga chao. Jirani yangu alisikia akanunua kofia.

Wenye majumba wa Kitengela, nawaomba: toeni mfereji mmoja nje ya lango hadi mvua zirudi. Ndoo moja ya ndama haitamfilisi mtu. Nawe jirani, najua unasoma safu hii, maana gazeti ulilolishika umeliazima kwangu. Lirudishe, pamoja na la wiki iliyopita.