Blanketi la bweni lijaribiwe kabla ya kulipiwa

Moto ulipoua wanafunzi 67 katika bweni la shule ya Kyanguli, Machakos, mwaka wa 2001, na tena wavulana 21 walipofariki katika Hillside Endarasha, Nyeri, Septemba 2024, tulijadili madirisha yenye vyuma, milango na msongamano wa vitanda. Mjadala huo ulifaa. Lakini ni wangapi kati yetu waliouliza watoto hao walikuwa wamejifunika nini?

Mwalimu wa kemia aweza kuonyesha uzito wa swali hili kwa kibiriti na nyuzi mbili. Uzi wa akriliki, ambao hutumiwa sana katika blanketi za bei nafuu, huwaka huku ukiyeyuka, na ujiuji wake wa moto huganda ngozini. Uzi wa sufu hujikunja, hunuka kama nywele zilizoungua, na mara nyingi hujizima kibiriti kiondolewapo. Sufu ina nitrojeni kiasi cha asilimia 16 na huhifadhi unyevu. Ili iendelee kuwaka huhitaji hewa yenye oksijeni ya asilimia 25 hivi, ilhali hewa tuivutayo ina 21 tu.

Hata hivyo, sufu si chuma. Ikifumwa nyepesi au ikichanganywa na nyuzi nyingine, huungua. Ndiposa katika miaka ya 1970 wataalamu walibuni mbinu iitwayo Zirpro: sufu hutiwa katika maji ya asidi yenye chumvi za zirkoni, nazo huingia ndani ya uzi na kushikamana nao kama rangi ishikavyo. Vitambaa vya namna hiyo vimetumika hata katika viti vya ndege.

Huko kushikamana ndiko ninakokutilia mkazo. Zipo dawa rahisi, kama boraksi, ambazo huzuia moto vyema siku ya maonyesho, kisha huondoka na maji ya kufulia. Shule inayouziwa blanketi kama hilo imenunua cheti tu.

Nitaambiwa kwamba sufu ni ghali na karo haitoshi. Ni kweli; na petroli ikimwagwa, hakuna blanketi litakaloizuia. Lakini umaskini hauikatazi kamati ya ununuzi kuuliza. Kabla ya malipo, blanketi moja lifuliwe mara ishirini, kisha kipande chake kiwashwe uani, ndoo ya maji ikiwa karibu, muuzaji mwenyewe akitazama.