Kona ya Familia: Begi la kwenda Mugere

Sisi hapa Kanyosha tulipanda basi kuelekea kusini, kuwaonyesha watoto lile jiwe la Mugere lililochorwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Katika begi tulitia bidoni ya maji, ndizi, chapati, kitenge cha kukalia na sweta ya mdogo. Kumbe karatasi zetu za ukimbizi tumeziacha juu ya kabati! Kwenye bariyeri tukarudishwa, watoto wakalia. Chapati tukazilia nyumbani.

Basi wazazi, karatasi ziingie kwanza, ndani ya plastiki, mbali na bidoni. Chakula baadaye. Jiwe halihami, tutaenda tena. Na nyinyi mnabeba nini? Tuandikieni.