Tumbo la mbuzi likivimba, tusikimbilie kidonge



Mwezi wa nne uliopita, wakati huku Lukafu kila nyumba inapukusa mahindi, tuliitwa mapema asubuhi kwa mama mmoja wa kooperative. Mbuzi wake dume alikuwa amelala chini, anasaga meno, tumbo limejaa sawa mfuko. Jirani alikuwa ameshamnywesha vidonge viwili vya minyoo. Sisi nasi tukafika, tukaona tumbo, tukasema ni gesi, tukamnywesha mafuta. Saa sita mbuzi akafa. Njo mtoto wa nyumba akasema, kwa sauti ya chini, ya kama jana jioni mbuzi alikata kamba, akaingia mahali pa mahindi, akakula mpaka usiku.

Hakuna mtu aliyemuuliza yule mtoto. Vidonge havikuwa na kazi pale, na mafuta yetu pia hayakuwa na kazi. Tunaandika jambo hili juu kosa lile linarudi kila mwaka, kwa wafugaji na kwa sisi wenye masomo: tunaona tumbo, tunakimbilia dawa. Maoni yetu ni haya: kooperative iache kununua vidonge vya minyoo kwa kila tumbo linalovimba. Pesa ile itumike kwanza kufundisha watu kuangalia na kuuliza.

"Tumbo kuvimba" si jina la ugonjwa. Ni sawa mtu akisema anaumwa kichwa: inaweza kuwa malaria, inaweza kuwa jua, inaweza kuwa pombe ya jana.

Kitu kingine kinachotupoteza ni mashauri ya kutoka mbali. Vitabu vingi vya mifugo vya Ulaya vinasema sana juu ya farasi. Huku kwetu farasi hatuna. Nzi wa malale na ugonjwa wa farasi unaoletwa na vijidudu vinavyoruka vimewazuia tangu zamani, na wale wachache walioko Lubumbashi ni wa watu wenye uwezo. Farasi ana tumbo moja dogo, hawezi kutapika, na gesi yake inajaa nyuma, katika utumbo mnene. Mbuzi na ngombe wanacheua. Wana tumbo kubwa la kwanza, nalo liko upande wa kushoto. Kwa hiyo yaliyoandikwa kwa farasi hayaingii kwa mbuzi vile vile, na jambo la kwanza kwa mbuzi ni kuangalia upande.

Simama nyuma yake. Kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, upande wa kushoto juu, kuko kishimo. Kama kishimo kimejaa, kimeinuka kupita mgongo, na ukikipiga kwa kidole kinalia sawa ngoma, ile ni gesi. Mara nyingi mbuzi amekula majani mabichi yenye umande, kama majani ya karanga au ya maharagwe, na tumbo limejaa povu. Hapo saa ni chache. Mbuzi anaweza kufa kabla ya mchana kwisha, juu tumbo linabana mapafu.

Lakini kama anatokwa na mate mengi, ananyoosha shingo, anakohoa, pengine kipande cha muhogo au kokwa ya embe kimekwama kooni, na gesi haina njia ya kutoka. Usisukume kwa fimbo. Tumeona watu wakifanya vile, koo inapasuka.

Kama tumbo ni zito chini, ukilisukuma kwa ngumi unasikia maji yanacheza ndani, na mbuzi analala, anaharisha, jiulize juu ya mahindi, unga au pumba. Ile njo hali ya yule dume wa mama. Nafaka nyingi kwa mara moja inachacha tumboni, inageuka asidi, na asidi inaua.

Mwana-mbuzi aliyekonda, tumbo limening'inia pande zote mbili, manyoya hayang'ai: sasa ndiyo uwaze minyoo. Funua kope la chini. Likiwa jeupe sawa karatasi, damu imekwisha, na pale kidonge kina kazi. Mbuzi mkubwa anayevimba leo, anapungua, anavimba tena juma lijalo, huku anakonda, pengine amemeza sashe. Wakati wa kiangazi majani yakikauka, mbuzi wanaokota sashe zenye chumvi kandokando ya barabara ya soko, na sashe haziyeyuki tumboni. Hakuna dawa ya kunywesha itakayoziondoa. Na kama tumbo limejaa chini upande wa kuume, mbuzi anakula vizuri na anacheua, basi hesabu miezi. Mimba ya mbuzi ni miezi mitano. Tumeshaitwa kuponya mimba mara mbili.

Kwa gesi ya povu, mnyweshe mafuta ya kupikia, mililita 100 hadi 200 kwa mbuzi mkubwa, 300 hadi 500 kwa ngombe, pole pole kando ya mdomo. Usimwinue kichwa juu sana, mafuta yataingia mapafuni. Msimamishe miguu ya mbele mahali pa juu, mfunge kijiti mdomoni sawa lijamu apate kutafuna na kucheua, msugue ubavu wa kushoto. Kwa aliyekula nafaka, ondoa chakula chote isipokuwa majani makavu, mpe gramu 20 za bikarbonati katika maji kama iko, na umwite veterineri siku ile ile. Kutoboa tumbo kwa kisu ni jambo la mwisho kabisa, wakati mbuzi anaanguka na anakosa pumzi, na ni kazi ya mtu aliyefundishwa.

Mbuzi akikufa, tumbo linavimba kwa sababu ya kufa kwenyewe. Katika joto letu saa chache zinatosha. Kwa hiyo ukikuta mzoga umevimba, usiseme tu "tumbo limemuua." Na kama alikuwa mzima jana, amekufa ghafula, na damu nyeusi isiyoganda inatoka puani au nyuma, usimpasue, usimchune, usiuze nyama, usile. Inaweza kuwa kimeta, ile wengine wanaita sharbo, na inaua watu. Funga mbwa, weka watu mbali, mwite veterineri kabla ya kuzika.

Kuko wanachama watasema: kidonge ni bei ndogo, kikikosa kusaidia hakidhuru. Hatukubali. Kidonge kinapotezesha ile saa moja ambayo mafuta yangeokoa mbuzi. Tena minyoo inayopewa dawa moja mara kwa mara, bila kipimo, inazoea. Siku mwana-mbuzi mwenye kope jeupe atakapohitaji kidonge kweli, hakitafanya kazi.

Katika mkutano mkuu ujao tunaomba kila kikundi kichague watu wawili wa kufundishwa, na angalau mmoja awe mwanamke, juu katika nyumba nyingi mama njo anayejua mifugo ilikula nini. Pesa za vidonge za msimu mmoja tu zinunue sanduku la kila kikundi: chupa ya kunyweshea, mafuta, bikarbonati, na trokari moja, ile sindano nene ya chuma ya kutolea gesi, ambayo atashika yule aliyefundishwa peke yake.

Na watoto wanaochunga waalikwe, hata wa miaka kumi. Kwa mama yule, mtoto njo alikuwa anajua.