Mkojo wa mtoto njiti upimwe, usikisiwe

Mapema mwaka 2025 Bunge la Tanzania lilirekebisha sheria za kazi ili mama aliyejifungua mtoto njiti apate muda zaidi wa kukaa naye. Ulikuwa uamuzi wa haki. Lakini likizo haimtibu mtoto, na katika wodi nyingi anakolala kuna uzembe ambao sheria haikuugusa. Kwenye faili huandikwa kwamba amekojoa, basi. Amekojoa kiasi gani, na mkojo uliruka au ulidondoka, haandiki mtu.

Kuna wavulana wanaozaliwa na vijitando vinavyoziba mrija wa mkojo. Daktari Hugh Hampton Young wa Baltimore aliviainisha mwaka 1919, kwa hiyo asitokee wa kudai kuwa ni ugonjwa mgeni. Humpata takriban mvulana mmoja kati ya kila 5,000 hadi 8,000. Mkojo ukikosa pa kutokea hurudi nyuma: kuta za kibofu hunenepa, figo hujaa maji na kuanza kuharibika mtoto akiwa bado tumboni. Maji ya uzazi hupungua, na mapafu, ambayo huyahitaji ili yakue, hudumaa. Mtoto huyo akizaliwa kabla ya wakati hupumua kwa shida, na wote wanaomzunguka husema ni mapafu ya njiti. Hapatikani wa kumpapasa chini ya kitovu akakuta kibofu kigumu, kimejaa, hata baada ya kukojoa.

Nepi nayo huwadanganya wengi. Iliyolowa haithibitishi kwamba njia iko wazi. Mtoto mwenye kizuizi anaweza kudondosha matone kutwa nzima kwa sababu kibofu kimefurika, na figo zilizodhurika zinaweza kutoa mkojo mwingi ulio mwepesi kama maji. Ndiyo maana muuguzi hutakiwa kupima nepi kwenye mizani kabla ya kuivalisha na baada ya kuivua, gramu 1 ikihesabiwa kuwa mililita 1. Baada ya siku ya kwanza, mtoto hutarajiwa kutoa walau mililita 1 kwa kila kilo ya uzito wake kila saa. Njiti wa kilo 1.2 atatoa kama mililita 7 kwa saa 6. Kiasi hicho jicho halikipimi. Na kwa kuwa kiasi peke yake hakitoshi, mkojo wenyewe utazamwe unavyotoka.

Kipimo cha damu cha kazi ya figo, yaani kreatinini, nacho kina mtego wake. Kreatinini ya siku ya kwanza huakisi zaidi figo za mama, na kwa njiti huchelewa kushuka. Daktari anayesoma jibu moja na kufunga faili amekosea.

Kisha kuna fangasi. Njiti mwenye uzito wa chini ya kilo 1, aliyekaa wiki kadhaa kwenye antibiotiki kali na mipira ya mishipani, anaweza kuota mabonge ya Kandida ndani ya figo. Yakiziba pande zote mbili, mkojo hukatika. Ni nadra, ndiyo. Lakini fangasi wakionekana katika mkojo uliochukuliwa kwa mpira safi au kwa sindano, si kwa mfuko uliobandikwa ngozini, kuandika kwamba sampuli ilichafuka na kuendelea na kazi nyingine hakuvumiliki. Mtoto huyo anahitaji damu yake ioteshwe maabara, figo zipigwe ultrasaundi, na mara nyingi dawa ya fangasi kwa wiki kadhaa.

Utetezi tunaujua: magonjwa haya ni adimu na mabingwa hawatoshi. La pili ni kweli. Madaktari bingwa wa upasuaji wa watoto wako Muhimbili, KCMC, Bugando na hospitali nyingine chache, na njia ya kutoka Mpanda au Tunduru ni ndefu. Lakini kwa mvulana mwenye vijitando, tiba ya kwanza haimngoji bingwa. Inahitaji mrija laini na mwembamba, hata ule wa kulishia wa saizi ya 5 au 6, upitishwe hadi kibofuni, antibiotiki, na uangalizi wa chumvi na potasiamu ya damu. Mrija wenye puto uepukwe, maana puto lenyewe linaweza kuziba. Kizuizi kikiisha kupitwa, mkojo unaweza kumwagika kwa wingi mno, na asiyerudishiwa maji na chumvi kwa kipimo anaweza kufa mikononi mwa waliotaka kumwokoa. Akitulia ndipo asafirishwe, mrija ukiwa mahali pake. Huko rufaa, kama njia yake ya mkojo ni nyembamba kuliko kifaa cha kukatia vijitando, daktari wa upasuaji humfungulia kibofu kwenye ngozi ya tumbo ili mkojo utoke hapo mpaka akue.

Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linashauri kila mjamzito apigwe ultrasaundi moja kabla ya wiki ya 24. Figo na kibofu cha mtoto vitazamwe siku hiyo hiyo, na kasoro iandikwe kwenye kadi ya kliniki.

Uamuzi wetu ni huu: hospitali isiyopima nepi, isiyo na mirija ya saizi ya watoto na isiyoweza kumpiga njiti ultrasaundi ya figo, isijiite kituo cha watoto njiti. Wizara ya Afya iweke masharti hayo kwa maandishi, na waganga wakuu wa mikoa wawajibishwe kwa kuyasimamia. Mzazi asiandikiwe karatasi ya kwenda kununua mrija wa mkojo duka la nje usiku wa manane.

Nawe mama, kabla ya kuruhusiwa, uliza mwanao anakojoa kiasi gani kwa siku. Kama ni wa kiume na mkojo wake unadondoka badala ya kuruka, mrudishe hospitali siku hiyo hiyo.