Nani Kakuambia Wewe Ni Mnyonge?

Imetosha. Kwenye daladala, sokoni, msibani, kwenye foleni ya hospitali, wimbo ni uleule: "Sisi wanyonge tutafanyaje?" "Sisi watu wa chini nani atatusikiliza?" "Wenye nchi wameshaamua." Wenye nchi! Na wewe, ndugu yangu, umepanga?

Juzijuzi nilikuwa ofisi ya serikali ya mtaa nikisubiri barua ya utambulisho. Mbele yangu alikuwepo mzee wa umri wa baba yangu. Alivua kofia mlangoni, akainama, akamwambia kijana mwenye muhuri, kijana wa kumzaa kabisa: "Shikamoo mheshimiwa. Naomba unisaidie, mimi mnyonge tu." Mzee anampa kijana shikamoo! Na kijana akaitikia marahaba bila kupepesa jicho, kisha akataja hela ya wino. Mzee akatoa noti iliyokunjwa kutoka mfuko wa ndani wa koti, akaiweka mezani kwa mikono miwili, akashukuru.

Alishukuru nini? Muhuri ule ni wa wananchi, kijana yule amewekwa pale kuugonga. Lakini mzee alishajihukumu kabla ya kufika mezani. Ukishajiita mnyonge, mwenzako afanye nini zaidi ya kukunyonga? Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sisi tumeshika nusu ya kwanza, nusu ya pili tumeiachia njiani.

Usiniambie nadharau umaskini. Naujua. Najua nyumba inayopika mara moja kwa siku. Lakini maskini anaweza kusimama akadai chake, tena kwa sauti. Mnyonge anaomba. Na anayeomba hupewa akipendwa, hunyimwa akichukiwa, na kwa vyote viwili hutakiwa aseme asante.

Hebu sikiliza tunavyosema. Tumeletewa maji. Tumepewa zahanati. Mheshimiwa katujengea darasa. Katujengea kwa mshahara wake? Unaponunua sabuni au vocha ya simu, ndani ya bei ile kuna kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18. Mama ntilie anailipa. Bodaboda anailipa. Mzee wa shikamoo anailipa. Halafu siku ya kuzindua kisima tunachezewa ngoma, tunapiga vigelegele, tunamvisha mgeni rasmi shuka kwa hela yetu wenyewe! Kisima kikikauka mwezi unaofuata, nani atauliza? Aliyepewa zawadi haulizi ubora wake.

Mwaka 1967 chama cha TANU kilitoa Azimio la Arusha. Likasema wazi kwamba tulionewa na kunyonywa kwa sababu ya unyonge wetu, na kwamba mapinduzi tunayoyataka ni ya kuuondoa unyonge huo. Kuuondoa! Wazee wale waliutaja kama adui. Kiongozi na mkulima waliitana ndugu. Leo ndugu kafukuzwa, mheshimiwa kakalia kiti, na unyonge tunauvaa kama nguo ya sikukuu.

Na wanasiasa wameshaliona soko. Hayati John Magufuli aliitwa rais wa wanyonge, na umati ukashangilia. Tangu hapo, na hata kabla yake, kila anayetafuta kura hupanda jukwaani akajitangaza mtetezi wa wanyonge. Umewahi kujiuliza atatetea nini siku wanyonge wakiisha? Mtu ambaye ulaji wake unategemea unyonge wako ana haraka gani ya kukuinua?

Lala na unyonge wako, basi. Lala, lakini mtoto wako yuko macho, anasikia. Anasikia mama akisema, "Hayo mambo ya wenye nazo, sisi hatukuumbiwa." Anasikia baba akinong'ona mbele ya karani. Anatajiwa methali ya kuku wa maskini asiyetaga kabla hajajua kuhesabu mayai. Akifika darasani anakaa nyuma bila kuambiwa. Swali analo, hanyooshi mkono. Kesho mwajiri atamkata mshahara kinyume cha mkataba, naye atasema, "Mimi ni nani?" Hakuzaliwa na swali hilo. Amelisikia nyumbani, asubuhi na jioni, miaka yote.

Katiba yetu ya 1977, ibara ya 8, inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, na serikali itapata madaraka yake kutoka kwao. Inasema wananchi. Wanyonge hawamo. Watu wa chini hawamo.

Kwa hiyo kesho ukifika dirishani, usiombe kusaidiwa. Sema: "Nimefuata barua yangu." Ukitajiwa hela ya wino, omba risiti, kwa adabu, na usiondoke. Ukisikia mheshimiwa kajenga, uliza kwa fedha ya nani. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa ufanyike kila baada ya miezi mitatu, na watu wasomewe mapato na matumizi. Kwako yalisomwa lini? Na yaliposomwa, wewe uliuliza nini?