Hao Mafahali Mnaowasema

Juzi kwenye sherehe ya kipaimara hapa Kikwe, mwinjilisti mgeni alipewa maikrofoni aseme neno la baraka. Badala ya baraka akawageukia vijana wa kwaya, waliokuwa na mpango wa kuchukua sauti bora za kwaya tatu na kurekodi albamu moja, akawaambia waachane na jambo hilo. Mafahali wawili, akasema, hawakai zizi moja. Turubai zima likaitikia amina. Ndafu haijamalizika kukatwa, DJ akapachika "Sina Makosa", na mtumishi wetu akaanza kutikisa mabega, sahani mkononi.

Hivi alijua anatikisa mabega kwa wimbo gani? Wimbo ule ni wa mafahali watupu. Novemba 1978, jijini Nairobi, wapigaji kadhaa wa bendi ya Simba Wanyika waliaga na kuanzisha Les Wanyika: Omar Shabani, yule waliyemwita Profesa, kwenye gita la rithimu, Tom Malanga kwenye besi, Rashid Juma kwenye dramu. Wakaungana na John Ngereza, mwimbaji na mpiga gita aliyekuwa na jina lake tayari, na Issa Juma mwenye sauti ile. Hakuna hata mmoja aliyekuja kujifunza kazi.

Na walifanya nini kwanza? Walifanya mazoezi. Miezi sita! Ndipo wakapanda jukwaani Garden Square, na haukupita muda mrefu "Sina Makosa" ikawa inaimbwa Kenya, Tanzania na Uganda. Sikiliza rithimu ya Shabani: haimkimbizi mwimbaji, haimfuniki, inazunguka palepale huku besi ya Malanga ikijibu kwa chini. Huo ni utulivu wa watu waliokaa chumba kimoja hadi wakachokana, wakazoeana tena. Sisi tunafanya mazoezi Ijumaa ili turekodi Jumamosi, tukivurunda tunasema ni mafahali.

Simba Wanyika yenyewe, kwa taarifa yenu, ina harufu ya Arusha. Wilson na George Kinyonga walitoka Tanga, mwaka 1970 wakaunda Arusha Jazz mjini hapa, mwaka uliofuata wakavuka mpaka.  

Najua nitakachojibiwa, maana jirani yangu alishanijibu tukiwa foleni ya kupakia nyanya za Tengeru: "Si hao Les Wanyika walitengana? Issa Juma si alitoka akaanzisha yake?" Alitoka, ndiyo. Sasa? Kwa hesabu hiyo hata kipaimara tusifanye, kwa kuwa watoto wale wataondoka nyumbani siku moja. Wimbo umeshavuka miaka 40, bado jirani anahesabu nani alihama! Watu hao hao, Yanga au Simba ikisajili washambuliaji watatu wa kigeni, hawakumbuki habari za zizi. Wanakwenda kununua jezi.

Mwingine ataniletea mfano wa Hugo Kisima, mmiliki wa bendi ya Orchestra Safari Sound, aliyewachomoa watu sita bendi ya Mlimani Park mwaka 1985, wakiwemo Muhiddin Maalim Gurumo, Hassan Bitchuka na Abel Balthazar, akaunda International Orchestra Safari Sound, nayo haikufika mbali. Sawa. Lakini vyombo vilikuwa vya nani? Vya Kisima. Aliyeivunja Orchestra Safari Sound ili awapishe wageni hao ni nani? Kisima huyo huyo. Bendi inayozaliwa na kufa kwa uamuzi wa mwenye vyombo, kosa lake unambebesha vipi mwimbaji? Na hao Mlimani Park nao, mwaka 1978, ule ule wa Les Wanyika, walianza kwa kukusanya wapigaji wazoefu kutoka bendi nyingine. Wakatawala Dar es Salaam.

Kwa hiyo vijana wa kwaya, rekodini. Ila mazoezi yaanze sasa, kila jioni mkishafunga maji ya mfereji, na kinanda kiwe cha wote, kisikae nyumbani kwa mwenyekiti. Mwinjilisti naye akirudi tutampigia "Paulina", ni ya Les Wanyika hao hao.